Wapagazi Juu ya Meza

Michezo mingi ya wanadamu ina vita ndani yake, ijapokuwa wachezao hawafikiri hivyo. Aketiye chini ya mwembe jioni akawatazama wazee wakicheza bao atasikia maneno ya vita tupu: huyu ameteka kete za mwenzake, yule nyumba yake imevunjika, na wa mwisho safu yake ya mbele imekwisha, basi ameshindwa. Wala hatujasikia mtu akiwaambia wazee hao kwamba wanapenda kumwaga damu.

Wazungu nao wana bao lao la vita. Mwaka 1824, katika ufalme wa Prussia, afisa mmoja jina lake Georg von Reisswitz alitoa kanuni za mchezo uchezwao juu ya ramani kwa vipande vidogo na dadu, na jeshi la nchi ile likautumia kuwafundishia maafisa wake. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells, mwandishi wa hadithi, alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha askari wadogo wa risasi sakafuni, pamoja na kizinga kidogo kirushacho kijiti. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaingia duniani. Tangu hapo wako watu wengi Ulaya na Marekani waipendao kazi hii. Huzipaka rangi sanamu ndogo za askari kwa uvumilivu mwingi, huzijengea milima, mito na nyumba juu ya meza, kisha hucheza upya vita vya zamani, ili waone kama wangeweza kushinda pale waliposhindwa wengine.

Sasa, msomaji, jambo lililotuvuta sisi ni hili. Katika vita wanavyopenda kuvicheza watu hao vimo vita vya Tanga vya mwaka 1914. Tuliona ajabu kwamba pwani ya Tanga, pamoja na minazi yake na reli yake, imejengwa juu ya meza za watu ambao wengi wao hawajapata kuikanyaga nchi hii, hali watoto wetu wa Bunju, waliozaliwa katika pwani hiyo hiyo, hawajui kilichotokea. Basi tukaazimu kuwafundisha habari za vita vile kwa mikono yao wenyewe, baada ya masomo, siku ya Ijumaa.

Sanamu za dukani ni ghali, tena hazipatikani hapa. Tulizifanya wenyewe. Mifupa yake ni waya wa shaba, utokao katika nyaya za umeme zilizotupwa, wauzao watu wa vyuma chakavu. Nyama yake ni karatasi za magazeti zilizolowekwa katika gundi ya unga wa muhogo, zikapondwa hata zikawa kama ugali mlaini. Kila sanamu ina urefu wa sentimita 4, nayo husimama juu ya kipande cha kadibodi kilicho sawa na shilingi mia. Ikikaushwa siku tatu kivulini haipasuki. Ikianikwa juani hupasuka shingoni.

Meza ilikuwa milango miwili ya zamani iliyolazwa juu ya madawati. Tulimwaga mchanga juu ya gundi ya seremala ili uwe ardhi. Bahari tuliipaka rangi ya buluu, kisha vanishi mara nne, hata iking'aa kama maji. Vichaka vilitokana na dodoki lililochovywa katika rangi ya kijani na kukatwakatwa. Njiti za chelewa zikawa mashina ya minazi. Njiti za kiberiti zikawa mataruma ya reli, na waya mwembamba ukawa vyuma vyake. Nyumba za mji ni kadibodi iliyopakwa chokaa. Moshi wa bunduki ni sufi, na sufi hiyo ina maana yake: wengi wa askari wa Wadachi walikuwa na bunduki za namna ya mwaka 1871, zilizotumia baruti ya zamani, hata kila aliyepiga akajulisha mahali pake kwa wingu la moshi.

Kazi ya kupaka rangi ndiyo iliyowafundisha watoto kutazama. Mtu mzima akisimama juani huwa na kivuli chini ya kidevu, kwapani na katika mikunjo ya nguo. Sanamu ya sentimita 4 ina vivuli hivyo vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Mpakaji hana budi kuvitia kwa mkono. Kwanza sanamu nzima hupakwa rangi ya kahawia nzito iliyo karibu na weusi. Ikikauka hupakwa rangi ya nguo na ya mwili, ile ya kwanza ikiachwa ionekane kidogo mikunjoni. Kisha huletwa rangi iliyozimuliwa kwa maji hata ikawa nyepesi kama chai isiyo na maziwa. Hii hupakwa juu ya yote, nayo huteremka yenyewe katika mabonde ya nguo na kukaa humo. Mwisho brashi huchovywa katika rangi nyeupe-nyeupe, ikapanguswa kitambaani mpaka ikakaribia kukauka, ndipo hupitishwa juu juu. Rangi hiyo hushika penye miinuko tu: bega, goti, ncha ya pua. Mtoto aionapo sanamu yake imepata uso kwa mara ya kwanza hunyamaza.

Askari hupakwa kaki, neno lenye asili katika lugha ya Uajemi, maana yake rangi ya vumbi. Watoto waligundua upesi kwamba kaki si rangi moja. Nguo mpya huelekea udongo, na nguo iliyofuliwa mara nyingi ikakaa juani huelekea weupe. Jeshi lililotembea mwaka mzima halina askari wawili waliofanana nguo.

Hesabu nayo iliingia. Tulisema kila sanamu moja ni watu 50. Waingereza waliopelekwa Tanga, wengi wao askari kutoka India chini ya Jenerali Arthur Aitken, walikuwa kama 8,000. Basi sanamu 160. Waliowazuia, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000. Basi sanamu 20. Watoto walipozipanga pande mbili walikataa katakata kuamini nani alishinda.

Hata walipozicheza sanamu zenyewe kwa kufuata mambo yalivyokuwa, ndipo walipoelewa. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Waingereza ilitangulia bandarini na kutoa taarifa kwamba amani imekwisha, askari wasijashuka bado. Wadachi wakapata nafasi ya kuleta vikosi kwa gari la moshi kutoka Moshi. Waliotoka India walikuwa wamekaa merikebuni muda mrefu, wamechoka, wakashukia Ras Kasone bila kupeleleza vema nchi iliyo mbele yao. Tarehe 4 walisonga mbele katika mashamba ya mpira na minazi, ambamo mtu hamwoni mwenzake. Nyuki wakachokozwa na risasi, wakauma watu pande zote. Nyuki wetu walikuwa punje za ulezi zilizogandishwa kwenye nyuzi. Tarehe 5 waliobaki walirudi merikebuni, wakaacha bombomu 16, bunduki 455 na risasi zaidi ya laki 5. Waliokufa upande wao walizidi 300.

Watoto walifurahi sana, na furaha hiyo ndiyo iliyotuletea mgeni.

Karibu na shule anakaa mzee mmoja aliyepita miaka 80, ambaye mjukuu wake ni mmoja wa watoto wetu. Alikuja asubuhi moja, akasimama mlangoni na bakora yake. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, "Marahaba, mwalimu," kisha akakaa kimya kidogo kama wafanyavyo wazee wenye neno.

"Mwalimu," akasema, "mjukuu wangu jana amerudi nyumbani akiniambia, Babu, leo nimeua watu mia tano. Nikamwuliza, Je, uliwazika? Akacheka. Sasa nimekuja kukuuliza wewe."

Tulimweleza habari za bao, kama tulivyoeleza hapo juu. Akatikisa kichwa. "Kete ya bao haina mama," akasema. "Babu yangu mzaa baba alikamatwa njiani, hapo Mapinga, akatwishwa mzigo. Hatujui kama ni Wadachi waliomchukua au Waingereza. Hakurudi. Hata kaburi lake hatulijui. Leo naona watoto wanacheza vita vile vile, na katika meza yenu naona wenye bunduki tu."

Yafaa msomaji ajue kwamba neno la mzee huyu si dogo, na wako wazazi wengi waonao kama yeye. Vita si mchezo. Mtoto aliyezoea kuondoa watu mezani kwa dadu aweza kukua akidhani ndivyo watu wanavyoondoka duniani. Wako waalimu wenzetu walioshauri kwamba sanamu zichomwe na watoto wapewe mpira wa miguu. Hatukuliona shauri hilo kuwa la kipumbavu. Lakini tulijiuliza pia: mtoto asiyeambiwa habari za vita vile, akipita kila juma mahali palipopewa jina kwa ajili yavyo, je, huyo amehifadhiwa? Maana watoto wetu hutumwa Kariakoo kununua daftari na viatu, na jina Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, kilichokuwa na kambi pale. Hulitaja jina kila siku, wala hawajui wanataja nini.

Tulimjibu mzee hivi: "Tumekusudia kujenga meza ya pili, ya safari ya mwaka 1917, na katika meza hiyo wapagazi watakuwa wengi kuliko askari. Tafadhali usituzuie kabla hujaiona." Akasema atakuja kuiona, na kwamba mjukuu wake hatashika sanamu yo yote mpaka siku hiyo.

Twaeleza sasa kwa nini wapagazi walikuwa wengi. Mwaka 1916 Waingereza waliitwaa Bagamoyo mwezi wa Agosti, kisha askari wao wakashuka kwa miguu kwa upande huu wetu wa pwani, na tarehe 4 Septemba Dar es Salaam ikawa mikononi mwao. Wadachi wakarudi kusini, ng'ambo ya Rufiji. Reli haikufika huko. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliumwa na mbung'o wakafa kwa maelfu. Njia za motokaa ziligeuka matope mvua ziliponyesha. Hivyo mizigo ilipakuliwa relini, kama pale Mikese karibu na Morogoro, ikapelekwa Rufiji vichwani mwa watu.

Tuliandika hesabu ubaoni, nasi twaomba msomaji aifuate. Mpagazi huchukua kilo 27 za unga. Naye ni mtu, lazima ale. Tuseme kilo 1 kwa siku. Kama safari ni siku 10 za kwenda na siku 10 za kurudi, atakula kilo 20 njiani. Katika kilo 27 alizotwishwa, askari watapokea kilo 7 tu. Askari 1,000 walao kilo 1,000 kwa siku wahitaji wapagazi 143 wawafikie kila siku. Na kwa kuwa kila mpagazi yuko njiani siku 20, hawana budi kuwako wapagazi 2,860 daima, wengine wakienda, wengine wakirudi. Hao ni wa unga peke yake. Risasi, dawa, mahema na wagonjwa wa kubebwa hatujawahesabu.

Kwa kipimo chetu cha sanamu moja kwa watu 50, askari 1,000 ni sanamu 20, na wapagazi wao ni 57.

Hapo tulipata taabu tusiyoitazamia. Hakuna mtoto aliyetaka kufanya mpagazi. Kila mmoja alitaka askari, maana askari ana tarbushi, bunduki na vifungo, na mpagazi ana kitambaa kiunoni na gunia kichwani. Mvulana mmoja aliyepewa wapagazi sita alichekwa na wenzake hata akatoka machozi. Tulipowauliza watoto kwa nini wanamcheka, mmoja akajibu, "Mwalimu, wapagazi hawafanyi kitu. Wanabeba tu."

Hatukumjibu kwa maneno. Tuliwaacha wapake rangi. Askari 20 walikuwa tayari kwa siku moja, kwa kuwa wote wamevaa sare. Mtoto hupaka suruali 20, kisha mashati 20, kisha vitambaa 20 vya kuzungushia miguu. Wapagazi hawana sare. Mmoja ana shuka, mmoja ana blanketi lililochanika, mmoja amejifunga gunia. Hakuna rangi iwezayo kupakwa kwa wote pamoja. Ijumaa tano zilipita juu ya wapagazi wale, na watoto wakaanza kusema, "Huyu wangu ametoka milimani, ana baridi," na, "Huyu ameumia mguu."

Msichana mmoja ndiye aliyetengeneza mwendo wao. Wavulana waliipinda waya mbele, kama mtu aliyeinamia jembe. Yeye huchota maji kila alfajiri, na alipoziona sanamu zile alisema, "Mkitembea hivyo ndoo itaanguka." Akasimama mbele ya darasa na kitabu kichwani, akawaonyesha: mgongo hunyoka, shingo hukaza, macho hutazama mbele, na mkono mmoja huinuka mzigo ukiyumba. Akawafanyia na kata ndogo za uzi wa mkonge za kukalia mizigo. Sanamu zote 57 zikanyoshwa upya.

Meza ya pili ilikuwa nyembamba na ndefu, ikatoka darasani hata barazani: reli mwanzo wake, Rufiji mwisho wake, na katikati njia moja tu yenye alama za siku 10. Kanuni zilikuwa chache. Kila zamu ni siku moja. Kila siku sanamu 3 za wapagazi hazina budi kufika mtoni, ama askari hulala na njaa. Wakilala na njaa siku tatu, hurudi nyuma bila kupigana. Kwa kila kundi la wapagazi hupigwa dadu, na ikitokea moja, mtu mmoja ameugua. Mvua ikianza, mwendo wa siku moja huwa wa siku mbili.

Kanuni moja tuliitia kwa kusudi. Katika michezo hiyo ya mezani desturi ni kuziondoa sanamu za waliokufa, zikarudishwa katika sanduku, na meza ikabaki safi. Sisi tulisema mpagazi aliyekufa atalazwa kando ya njia, abaki hapo hapo mpaka mwisho wa mchezo.

Mchezo ulichukua Ijumaa mbili. Wavulana wawili waliogombea kuwa majenerali wa Rufiji walikaa mwisho wa meza hawana kazi, wakingoja unga. Wenye kazi walikuwa wale wa njia: wagawe watu vipi, walaze wagonjwa wapi, warudishe nani. Mvua ilipoanza siku ya saba, sanamu 3 hazikufika tena. Wakafika 2, kisha 1. Siku ya kumi na mbili askari wote 20 wakarudi nyuma, wala hakuna hata mmoja aliyepigwa risasi. Wapagazi 19 walikuwa wamelala kando ya njia. Mvulana aliyesema kwamba wapagazi hawafanyi kitu alikuwa jenerali mmojawapo. Alisema, "Kumbe vita ni yao."

Hatukuwadanganya watoto kwa kanuni zetu. Mapema mwaka 1917 mvua kubwa iligharikisha bonde la Rufiji, na askari wa Naijeria waliokaa huko walipunguziwa chakula hata wakapatwa na njaa kali. Wapagazi walikufa kwa kuhara damu, kichomi na malaria. Wengi walipewa unga wa mahindi wasiouzoea, wao wakiwa ni walaji wa ndizi au wali, nao wakaula haujaiva vema kwa sababu kuni zimelowa. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia laki moja. Upande wa Wadachi hesabu haikuwekwa vema. Vijijini nako chakula na vijana vilikuwa vimechukuliwa. Huko Ugogo njaa iliyofuata huitwa Mtunya hata leo. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Mzee alikuja Ijumaa ya pili, akapewa kiti barazani. Alitazama mpaka mwisho, wala hakusema neno. Kisha akainuka, akatembea polepole kando ya meza yote, akiwahesabu waliolala. Akauliza, "Yule wa Mapinga ni yupi?"

Tulisema, "Hatujui, mzee."

Akamchukua mmoja aliyekuwa angali amesimama, mwenye shuka la buluu, akaomba kalamu. Chini ya kadibodi yake aliandika jina la babu yake. Jina hilo hatulitaji hapa, maana ni la nyumba yake. Akamrudisha njiani akasema, "Huyu msimlaze."

Watoto wakatazamana. Ndipo mvulana yule aliyechekwa hapo kwanza, aliyefanya wapagazi sita, akasema kwa adabu, "Babu, na wale wengine nao ni babu za watu."

Tuliogopa kwamba mzee atakasirika. Alikaa kimya, bakora mkononi, kisha akasema, "Mtoto amesema kweli. Zamu yake ikifika, mlazeni. Lakini mkimlaza mtaje jina lake." Siku hiyo hiyo alimruhusu mjukuu wake kushika sanamu.

Tangu hapo watoto wametaka kila mpagazi awe na jina. Tuliwakataza kuyabuni, kwa kuwa jina la uongo lafunika mahali pa jina la kweli lililopotea. Tuliwaambia waende wakaulize nyumbani kwao. Mpaka leo wameleta majina manne. Mawili ni ya watu waliorudi.

Katikati ya Dar es Salaam iko sanamu ya shaba nyeusi ya askari aliyeinamisha bunduki yenye singe kuelekea bandarini. Iliwekwa mwaka 1927, kazi ya James Alexander Stevenson, mahali ilipokuwapo kwanza sanamu ya Mdachi Hermann von Wissmann. Maandishi yake huwataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake. Nairobi wanazo sanamu tatu pamoja, na mmoja wao ni mpagazi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola iangaliayo makaburi ya vita ilitoa taarifa yake yenyewe, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Taarifa hiyo tuliwasomea watoto. Wakauliza majina yataandikwa wapi yakipatikana. Tuliwaonyesha madaftari yao.

Mwalimu atakayependa kuijaribu kazi hii katika shule yake, tunampa mashauri machache. Asiagize sanamu mbali. Waya, magazeti, muhogo na dodoki vyatosha. Awaache watoto wapake polepole, maana mtoto hamdharau mtu aliyempaka uso kwa Ijumaa nzima. Azipige hesabu za unga ubaoni kabla ya kuhesabu bunduki. Awaite wazee mapema, awasikilize hata wakija kwa kukataza, kwa kuwa walicho nacho hakimo vitabuni, nao wanatutoka kila mwaka. Na waliolala kando ya njia asiwaondoe kabla mchezo haujaisha.

Sasa tunajenga meza ya tatu, ya njia ya Bagamoyo hata Dar es Salaam, na mto Mpiji umekwisha kupakwa vanishi. Wapagazi tunawafanya kwanza.